Harusi iliyoliwa na mbuzi

Jumatatu asubuhi, Masereka, mbuzi walikuwa wanakula harusi ya Jumamosi.

Walikuwa watatu, mbuzi wa mahari, wamefungwa nyuma ya nyumba ya baba wa bibi harusi. Mbele yao lilikuwa limelazwa tao ambalo maharusi walipita chini yake wakitoka kanisani. Marando ya viazi vitamu yaliyosokotwa kulizunguka yalikuwa yamelegea lakini hayajakauka, na beberu mmoja wa kahawia alikuwa akiyavuta kwa ustadi, jani moja moja, mpaka anabaki na kikonyo, kisha anakimeza nacho. Matete yaliyopamba jukwaa la maharusi yalikuwa yamebaki mabua. Kibarazani, mama wa nyumba alikuwa anachambua karoti na kabichi zilizokaa mbele ya wageni Jumamosi nzima, akizigawa kwenye mabeseni: hili la jirani, hili la mama mkwe, hili la mchuzi wa leo.

Nilikuwa nimepanda milima ile ya Lubero kwa ajili ya habari ya bei ya viazi mbatata. Habari hiyo ipo na itaandikwa. Lakini nilipouliza kwa nini mifugo wanapewa mapambo ya ukumbi, wakaniambia ndivyo alivyoagiza mpambaji mwenyewe. Ni sharti lililo ndani ya mapatano yake: siku ya tatu, pambo lipelekwe kwa mbuzi. Sharti hilo halikunitoka kichwani mpaka nikamtafuta aliyeliweka.

Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Masereka, anayepamba harusi na kusimamia mapishi yake, na kukodisha viti na masufuria mjini Butembo. Hataki jina lake gazetini. Siku hizi, anasema, jina likishajulikana kwamba linapokea pesa za harusi, mwenye jina halali usingizi. Kila anayemjua anamwita Mama tu, nami nikamwita hivyo hivyo.

"Mimi nina swali moja," aliniambia kabla sijakaa vizuri. "Chochote ninachotundika ukumbini nauliza: mbuzi atakila? Kama mbuzi hali, je, kinaingia kwenye chungu? Kama hakiendi kwa mbuzi wala hakiendi kwenye chungu, kitaenda wapi, mwanangu? Kitaenda Kimemi."

Asiyeujua mto Kimemi na asimame kwenye daraja lake pale Butembo baada ya mvua kubwa, atazame kinachopita.

Swali la Mama ni jepesi kulisema na gumu kulitii, kwa sababu linamnyima vitu vingi vizuri. Maua ya arumu, yale meupe yanayopenda mabonde yenye maji, yangempa pambo la bei ndogo. Hayagusi, maana yana kitu kinachowasha mdomo na koo la mnyama. Majani ya mikalitusi, iliyojaa kwenye vilima vyote vya Butembo, mbuzi hayataki. Puto, riboni za satini, maua ya plastiki, lile povu la kopo ambalo vijana hulipuliza juu ya maharusi: vyote vinaanguka kwenye swali la kwanza. Kuhusu povu alinijibu kwamba vigelegele vinatosha, na vigelegele havifagiliwi.

Kinachobaki ni matete, majani ya mgomba, marando, na mboga. Migomba haipendi baridi ya Masereka, juu ya mita 2,000, kwa hiyo majani yake na nyuzi zake huletwa kutoka mabonde ya chini. Nyuzi ndizo kamba zake. Hakuna waya wala uzi wa nailoni kwenye kazi yake yote, hata pale ambapo waya ungemwokolea saa nzima, kwa sababu mbuzi anapovuta rando hachagui, anavuta na kilichofungia. Marando yana faida nyingine inayomfurahisha kuliko zote. Rando lililokaa kivulini siku moja au mbili, likalegea, bado ni mbegu. Ukilifukia linashika mizizi. Kwa hiyo kabla beberu hajaletewa sehemu yake, wanawake wenye mashamba kule chini huwa wamekwisha kukata vipande vyao na kuvifunga kwenye vitenge. Kuna matuta ya viazi yaliyotokana na harusi, na wenye matuta wanakumbuka ni harusi ya nani.

Lakini kilichoniteka mimi ni poaro.

Masereka ni nchi ya mboga. Viazi mbatata, kabichi, karoti, vitunguu, na hiyo poaro, ndugu wa kitunguu mwenye shina refu jeupe na majani mapana, huteremka kutoka milima hii kwenda soko la Butembo kwa pikipiki, kwa chukudu za mbao, kwa migongo ya akina mama. Tunaiona kila siku katika mafungu, imelala, imefungwa kwa ukambaa, na macho yetu yanapita juu yake. Mama ameisimamisha.

Poaro za harusi anazinunua Ijumaa alfajiri, shambani kwa mkulima. Anataka zing'olewe na mizizi yake na udongo wake, maana iliyokatwa mizizi inalegea kabla padri hajamaliza misa. Anaziosha kwa maji ya baridi na kusugua shina kwa kidole gumba peke yake. Kitambaa kinakwaruza, na kila mkwaruzo unatoa harufu. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza juu ya harufu hiyo, ukumbi mzima kunuka mchuzi, akanitangulia: poaro isiyochubuliwa haitoi harufu ya kumsumbua mtu. Wasichana wanaomsaidia wanajua kwamba anayezibana kwenye kwapa wakati wa kubeba atarudishwa nyumbani.

Halafu ndoo. Ndoo zake nyingi ni zile za kunawia mikono za wakati wa Ebola, nyeupe, zenye bomba dogo upande wa chini, ambazo zilijaa kwenye kila mlango wa mji huu. Amezivika maganda makavu ya mgomba mpaka plastiki haionekani. Ndani anaweka mchanga wa mto uliolowa, na juu ya mchanga anapanda poaro kumi au kumi na mbili, fupi pembeni, ndefu katikati. Majani ya nje anayachana kwa ukucha, kutoka nchani mpaka nusu ya jani, nyuzi nyembamba zilizo sawasawa, kisha anazinyunyizia maji na kuziacha. Hapo anaondoka kwenda kwenye ndoo nyingine. Akirudi, nyuzi zimejikunja zenyewe, kila moja upande wake, na lile shina jeupe linabaki limesimama katikati ya msukosuko wa kijani kibichi chenye dalili ya buluu. Chini yake zinapangwa karoti na majani yake, na kabichi ambayo majani ya nje yamefunguliwa moja moja kwa vidole vilivyolowa, mpaka moyo wake mweupe uonekane. Kabichi haikatwi. Iliyokatwa, anasema, inaharibika kufika jioni, na yeye haruhusu kitu kuharibika kwenye meza yake.

Jumamosi moja baadaye nilikwenda kuiona kazi yake kwa macho yangu. Jua la saa nane lilipoingia kwa madirisha ya ukumbi wa parokia, yale mashina meupe yaliwaka safu kwa safu mpaka mbele kwa maharusi. Sijaona ukumbi wa harusi uliopendeza namna ile, Butembo wala Beni, na nimekaa katika kumbi zenye mapazia ya bei kubwa.

Mwishoni mwa sherehe mtu wa protokoli anachukua maikrofoni na kutangaza kwamba kila meza ina mboga zake. Zamani, Mama anakumbuka, tangazo hilo lilileta aibu. Wajomba wenye suti hawakutaka kuonekana wakitoka harusini na kabichi. Mzee mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba amemfanya mgeni kuwa mchuuzi. Siku hizi wajomba ndio wa kwanza kuhesabu karoti, na kuna meza zilizokwisha kugombana.

Nilimuuliza kama alijifunza kazi hii mahali fulani, labda kwa watu wa mazingira. Alitikisa kichwa. Amesikia kanisani juu ya waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, ule wa kuitunza dunia kama nyumba yetu sote, na aliusikiliza kwa furaha. Lakini yeye alikuwa amefundishwa kabla ya hapo, na mwalimu wake alikuwa mbuzi.

Alikuwa mbuzi jike, mweupe mwenye doa jeusi shingoni, wa mahari ya binti wa kaka yake. Ndiye aliyekusudiwa shangazi, na shangazi ni yeye. Alifika nyumbani mnene. Baada ya wiki kadhaa akaanza kukonda huku tumbo likizidi kuwa kubwa, upande wa kushoto umejaa na mgumu, hacheui, anasimama tu uani na kichwa chini. Majirani walisema ana mimba, wengine wakasema amerogwa. Walipoona anakufa, wakamchinja.

"Nikapasua tumbo mimi mwenyewe," Mama alisema. Alinyoosha mikono miwili mbele yangu kunionyesha ukubwa. "Kulikuwa na donge, mwanangu. Limesokotana, gumu, linanuka. Tukalifungua kwa kisu juu ya jiwe. Sashe za maji. Sashe za chumvi. Kipande cha puto chekundu, bado chekundu kabisa. Na riboni. Riboni ndefu nyeupe ya satini, nikaivuta, nikaivuta, haikatiki. Nikaijua. Nilikuwa nimeifunga mimi kwenye gari la maharusi."

Riboni hiyo aliiosha na anayo hadi leo. Alinionyesha. Imekuwa ya manjano, lakini ukiivuta bado ina nguvu zote za siku ilipouzwa.

Waganga wa mifugo wanalijua donge hilo. Plastiki haisagiki katika tumbo la mnyama anayecheua. Inakaa, inaongezwa na nyingine, mpaka majani hayana nafasi tena ya kupita. Mnyama anakufa kwa njaa akiwa ameshiba. Katika nchi ambayo ndoa inahesabiwa kwa mbuzi, nilidhani jambo hilo lingekuwa limekwisha kuitikisa mikutano ya koo zote. Mama anasema watu walimpa pole na kumletea mbuzi mwingine.

Sheria tunayo. Tarehe 30 Desemba 2017 serikali ya Kinshasa ilitoa amri namba 17/018 inayokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Rwanda ilikuwa imefanya hivyo tangu 2008, Kenya ilianza Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019. Jinsi amri yetu inavyotiiwa, kila anayenunua mkate anajua. Lakini hata ingetiiwa kwa ukali wote, haikulenga ukumbi wa harusi. Waridi la plastiki halifungashii kitu. Linasafirishwa kutoka China, linateremshwa Mombasa, linapita Kampala, linavuka mpaka wa Kasindi kwa halali, linalipiwa ushuru, na wafanyabiashara wa Butembo, waliokwisha kuzoea safari za Guangzhou na Dubai, wanaliuza kwa bei ambayo hakuna bustani inayoweza kushindana nayo.

Mama hawachukii wafanyabiashara hao. Wengi ni jamaa zake. Hoja yake ni ya pesa inakokwenda: kamati ya harusi inachangisha kwa ndugu, kwa kwaya, kwa wenzao wa kazini, mchango mdogo mdogo, halafu fungu la mapambo linapanda lori na kwenda zake. Poaro zake zimelimwa na wajane watatu wa kilima kimoja, na siku ya harusi wajane hao huwa wamealikwa.

Kuna mambo ya kazi yake yasiyompa raha, na hakunificha.

La kwanza ni vikombe. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287 katika mashariki yetu. Beni, Katwa na Butembo ziliumia sana, na eneo la afya la Masereka nalo liliguswa. Watu waliacha kushikana mikono, wakaacha kukumbatiana makaburini, na kwenye sherehe wakaacha kunywa pamoja. Kasiksi iliyokuwa ikipita kwa wazee kwa chombo kimoja ikawa jambo la kuogofya. Hapo ndipo chupa ndogo ya plastiki na kikombe cha kutupa vilipoingia harusini kwa nguvu, na vilipoingia vilikuwa vinaokoa roho. Ebola ikaondoka, vikombe vikabaki. Mama amenunua vikombe vya bati vilivyopakwa rangi na ameajiri wanawake wawili wa kuviosha kwa maji ya moto na dawa, mbele ya macho ya wageni, kusudi kila mtu aone. Bado kuna wageni wanaoweka kikombe pembeni na kumtuma mtoto dukani akalete chupa. Hawezi kuwalaumu. Alizika watu wawili wakati ule bila kuwagusa.

Na maji ya moto yanataka moto. Hilo ndilo la pili, na ndilo kubwa kuliko yote, ingawa halionekani kwenye picha za harusi.

Piga hesabu ya harusi ya kawaida ya huku: bukari, wali, maharage, viazi, sombe, nyama, chai ya asubuhi kwa waliolala, maji ya kuoga ya wakwe. Masufuria makubwa yako motoni tangu Ijumaa jioni. Makala, yaani makaa ya miti, yanakuja kwa magunia, na gunia halina cheti cha kuzaliwa. Laweza kuwa la mikalitusi iliyopandwa na mtu kwenye kilima chake, kama mradi wa EcoMakala wa WWF ulivyowahimiza wakulima wa Kivu Kaskazini tangu 2007 ili msitu wa Virunga upumue. Laweza pia kuwa la msitu wenyewe. Yakishakuwa meusi, yote ni makala. Mama anamnunulia mtu mmoja anayemwamini, na anakiri kwamba kuamini siyo kujua.

Anachoweza, anakifanya. Maharage yanalowekwa tangu Alhamisi usiku. Yakishachemka kwa nusu ya muda wake, sufuria linatolewa motoni na kutumbukizwa kwenye kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya mgomba, linafunikwa kwa blanketi mbili, linaachwa. Yanaiva yenyewe kwa joto lake. Nilifunua kapu hilo Jumamosi ile asubuhi na mvuke ukanipiga usoni; maharage yalikuwa laini, hayajapasuka, na mbabula iliyokuwa yao ilikuwa imekwisha kupewa sufuria la sombe. Wapishi wazee walimpinga miaka miwili mizima. Chakula cha harusi kinapikwa, walisema, hakilazwi kama mgonjwa. Walikubali walipogundua kwamba wanapata usingizi.

La tatu ni mianzi, na hapo nilimwona akisita kwa mara ya kwanza.

Tao zuri linataka mwanzi. Hupinda bila kuvunjika, ni mwepesi kubeba, na rangi yake hukubaliana na marando. Vijana wanaupitisha barabarani kwa mafungu. Ukiwauliza umetoka wapi watakuambia shambani, na ni kweli kuna wanaoupanda. Lakini mashariki ya hapa upo mlima Tshiabirimu, sehemu ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, na juu yake kuna msitu wa mianzi ambamo kundi dogo la gorila linaishi limetengwa na wenzao wote. Machipukizi ya mianzi ni chakula chao cha msimu. Walikuwa wamepungua kiasi kwamba majike wanne waliolelewa katika kituo cha GRACE, Kasugho, walipelekwa mlimani humo na kufunguliwa msituni mwaka 2024 ili kuongeza uzao. Wakulima wanaopakana na mlima wanahitaji mianzi kwa vijiti vya maharage na kwa nyumba. Mzozo wao na hifadhi ni wa miaka mingi, na ndani yake kuna watu wenye haki zao.

"Nilikuwa sijafikiria," Mama alisema. "Mimi nilikuwa nahesabu kinachotoka harusini. Siku moja kijana wa hifadhi, mtoto wa hapa hapa, akaja kula harusi, akalitazama tao langu, akaniuliza: Mama, huu mwanzi umeununua kwa nani? Nikashindwa kumjibu."

Tangu hapo ana tao moja tu, lile lile, linalozunguka harusi hadi harusi. Mbuzi wanakula kilicholivika, mifupa yake inarudi dukani. Likivunjika, atatengeneza la vijiti vya mkalitusi, ambalo amekwisha kulijaribu na halimpendezi. Lakini lile la kwanza, nilimuuliza, lilitoka wapi? Alinitazama. Hajui. Huenda lilitoka kwenye shamba la mtu. Huenda lilitoka kule juu.

Wapo watakaosema huu si wakati wa kuongelea matao na poaro. Tangu Oktoba 2014 Beni inazika watu waliochinjwa mashambani mwao. Mei 2021 tuliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, utawala ukiwa mikononi mwa jeshi. Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Juni 2024, barabara ya kusini ilijaa watu wenye magodoro vichwani, na nyumba nyingi za Lubero na Butembo bado zinalala familia mbili. Nilimuuliza Mama swali hilo kwa woga kidogo, maana nami linanisumbua. Alikuwa anasugua sufuria na hakuacha.

"Vita havijatuzuia kuoana," alisema. "Basi vitatuzuiaje kuosha vyombo?"

Kisha akaongeza kitu ambacho sikukitarajia: kwamba wakimbizi ndio waliomfundisha kuhesabu chakula. Zamani alipika kwa kukisia, na mabaki yalimwagwa. Sasa kila harusi yake ina sufuria moja lililotengwa mapema, kabla wageni hawajagusa kitu, la familia zilizolala shuleni au kwa jirani. Hapendi liitwe mabaki.

Mpinzani wake mkubwa yuko Butembo, mtaa wa pili kutoka dukani kwake, mwanamke kijana anayekodisha maua ya plastiki. Nilimtembelea pia, kwa sababu haki inataka. Ana maboksi yaliyopangwa mpaka darini, waridi jeupe, waridi la waridi, mizabibu ya kutundika, yote safi. Alinieleza bila ukali kwamba waridi lake limekwenda kwenye harusi nyingi asizoweza kuzikumbuka, linaoshwa kwa sabuni na kurudi kwenye boksi. Halijawahi kufika Kimemi. Poaro za Mama zinang'olewa upya kila wiki, zinapanda pikipiki inayokunywa petroli kutoka Masereka, wakati waridi lake linavuka barabara kwa mikono. Nani basi anayeharibu? Halafu akacheka kwa upole na kuniambia nikamuulize Mama viti vyake ni vya nini.

Ni vya plastiki. Mamia ya viti vyeupe vya plastiki, vilivyorundikwa uani, baadhi vimeshonwa kwa waya pale vilipopasuka. Nilipompelekea Mama hoja hiyo hakukasirika. Alikwenda akavuta kiti kimoja, akakikalia, akafikiri. Viti vimedumu miaka, alisema, na vinashonwa. Waridi nalo likidumu, basi hana la kumsema yule binti, ila anataka kujua jambo moja: lile waridi linapofifia, siku linapokataliwa na kamati hata kwa bei ya chini, linakwenda wapi? Amwonyeshe boksi la yaliyozeeka. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye stoo ile na sikuliona boksi la namna hiyo. Sikuwa nimeuliza pia.

Kuna harusi mwezi ujao, Butembo, yenye wageni wengi. Bibi harusi ni mwalimu. Aliona poaro kwenye harusi ya rafiki yake na hataki kitu kingine. Mama yake mzazi anataka waridi jeupe, kwa sababu yeye mwenyewe aliolewa wakati wa shida bila ua hata moja, na ameapa kwamba binti yake hataingia ukumbini akitazamana na mboga za sokoni. Baba yuko kimya. Kamati inakaa Jumapili baada ya misa ya pili.

"Huyo mama ana haki," Mama aliniambia. "Mimi siwezi kumwambia kitu juu ya harusi yake." Alikuwa anatafuta simu ya mmoja wa wakulima wake, maana mvua zimechelewa na poaro za kilima kile bado nyembamba. Alitaka kujua kama zitakuwa tayari, iwapo jibu la Jumapili litakuwa ndiyo.